Mkristo, Mkatoliki, na Nafasi ya Kando ya Mzee Saa

Siku niliyokwenda kujiandikia kaburi nilivaa gauni langu la bluu, lile nililolishona kwa ajili ya arusi ya kitindamimba wangu. Mke wa mwanangu akaniuliza ninakwenda wapi nimependeza vile. Nikamwambia ninakwenda kutafuta kiwanja. Sikumdanganya.

Mume wangu huu ni mwaka wa tatu amelala kule makaburini. Alikuwa fundi wa saa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Saa, hata mimi mwisho nikazoea. Kushoto kwake yuko mwalimu mmoja mstaafu. Kulia kwake pako wazi, na pale nimepapigia jicho tangu siku ya maziko. Sasa likatoka tangazo, limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya makaburi: anayetaka kulala karibu na mtu wake aje ajiandikishe kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo nafasi zitajazwa kwa kufuata mstari. Nikawaza, mstari ukifika kwa mume wangu, atalazwa ubavuni mwake mtu baki, na huenda akawa mwanamke. Nikasema hapana, hilo sikubali.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja. Kuna kabati la chuma ambalo mlango wake umeegemezwa tofali usifunguke, na ukutani kuna ramani ya makaburi iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akanikaribisha vizuri, akachomoa fomu.

"Dini, bibi?"

"Mkristo."

Akatia alama. "Na marehemu?"

"Mkatoliki."

Kalamu ikasimama. "Aa, basi hapo haitawezekana. Wewe Mkristo, yeye Mkatoliki. Wakristo wako huku," akagusa sehemu ya kijani kwenye ramani, "na Wakatoliki huku," akagusa ya njano.

"Kwani Wakatoliki si Wakristo?"

Akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua na mara hakijui tena. "Bibi, mimi fomu nimeikuta. Ina visanduku vinne. Mwislamu, Mkristo, Mkatoliki, Mengineyo."

"Nani aliitengeneza?"

"Aliyekuwa kabla ya yule aliyekuwa kabla yangu."

"Yuko wapi tukamuulize?"

"Yuko kijani, mstari wa pili."

Tukaangua kicheko wote wawili, mpaka akafuta macho. Kisha akarudisha miwani na sura ya kazi. "Sikiliza, bibi yangu. Sina nia ya kukutenganisha na mzee wako. Lakini mkubwa wangu akiniuliza kwa nini Mkristo amelala kwa Wakatoliki, nimjibu nini? Kaniulizie huko kwenu. Mkatoliki ni nani kwa Mkristo? Ni mmoja wao, ni jirani yao, ni nani? Ukiniletea jibu ninaloweza kulisema mbele ya mtu, naandika. Una mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeduwaa kidogo, kwa sababu swali lile sikuwahi kujiuliza. Mimi nimezaliwa Mlutheri. Yeye alizaliwa Mkatoliki. Miaka arobaini na mmoja, kila Jumapili tulitoka nyumbani pamoja, tukafika kona ya fundi viatu, yeye akakata kushoto mimi nikakata kulia. Aliyetangulia kurudi alibandika chai. Nilijua anavyokoroma, nilijua anavyokasirika bila kusema neno, nilijua soksi ipi itatoboka kwanza. Lakini kwamba yeye kwangu ni dini nyingine au ni dhehebu tu, hilo halikuwahi kukaa mezani petu.

Kifunguamimba wangu nilipompigia simu kumweleza, akaona jambo dogo. "Mama, si uhamie tu Ukatoliki? Yaishe."

"Nihame kwa ajili ya kiwanja? Baba yako aliniacha nilivyo miaka yote hiyo. Leo nimtokee kule nimegeuka mwingine, si atauliza huyu ni nani?"

"Mama, na wewe!"

"Na mimi nini? Nimeulizwa swali, nalitafutia jibu."

Shule nilisoma madarasa machache tu, lakini nina kitu ambacho wenye digrii wengi hawana. Ninashona kanzu za padri, na ninashona gauni za mchungaji. Na mtu aliyesimama mikono juu, futi imemzunguka kifua, mwenye futi ana pini tano mdomoni, huyo hakimbii swali.

Jumatano asubuhi padri akaja. Kanzu ya zamani ilikuwa imeanza kumbana.

"Baba Padri," nikamwambia, "inua mkono. Hivi Ukatoliki ni dhehebu?"

"Mama, unanipima au unanihoji?"

"Yote mawili. Inua na mkono wa pili."

Akacheka, lakini akajibu taratibu, maana ni mtu wa taratibu. "Hapana, si dhehebu. Kanisa lilikuwapo. Baadaye wengine wakajitenga, kila kundi likachukua jina lake. Hayo ndiyo madhehebu."

"Yako mangapi hapa kwetu?"

Akahesabu kwa vidole, futi ikicheza cheza. Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, Wabaptisti, Wasabato, Wapentekoste, na wale wa hema karibu na kituo cha basi. Saba. Nikayaandika kwenye daftari langu la vipimo, chini ya urefu wa mkono wake.

Alhamisi saa mbili akaja mchungaji. Yeye ni mwembamba, gauni lake halijawahi kumbana, bali lilikuwa limeng'oka vifungo viwili. Nikamsimamisha dirishani penye mwanga.

"Mchungaji, Ukatoliki ni dhehebu?"

"Ni dhehebu, tena kubwa. Lakini ukubwa haumtoi mtu kwenye hesabu. Tembo naye ni mkubwa, na bado ni mnyama mmoja kati ya wanyama."

"Padri anasema wao walikuwapo kwanza."

"Mama, na sisi tulikuwamo humo humo. Kwani babu zetu wa imani walidondoka kutoka mwezini?"

Hilo nalo nikaliona lina uzito. "Haya, nihesabie madhehebu ya hapa."

Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani, Wabaptisti, Wasabato, Wapentekoste, wale wa hema. Saba. Nikaandika. Akavaa gauni lake, akashukuru, akatoka.

Nikakaa na daftari. Padri saba, mchungaji saba. Nikafurahi kwamba angalau kwa idadi wamepatana. Kisha nikasoma jina moja moja kwa kidole, kama nilivyofundishwa darasa la pili, nikagundua kwamba saba hizi si saba zile. Nikachungulia dirishani.

"Mchungaji! Umewasahau Walutheri!"

Akasimama katikati ya njia. "Walutheri? Kwani sisi ni dhehebu? Sisi ni Ka..." Akanitazama, akatazama chini, halafu akatikisa kichwa akaondoka akicheka peke yake. Padri naye, nikafungua ukurasa wake tena, hakuwa amewataja Wakatoliki.

Nikaona nijaribu mara ya tatu nisije nikawaonea. Jirani yangu auzaye matunda husali pale hemani. Nikamwita uani. "Dada, nihesabie madhehebu ya hapa."

Akanihesabia harakaharaka, Wakatoliki wakiwamo, Walutheri wakiwamo. Saba!

"Na ninyi wa hema?"

"Sisi hatuna dhehebu, dada. Sisi tunamfuata Yesu tu."

Siku ile uzi ulinikatikia mara kadhaa kwa mawazo. Nilimkumbuka kifunguamimba wangu alipokuwa mdogo. Nikimtuma ahesabu watu wa kuandaliwa sahani, analeta pungufu moja kila siku, kisha anakuja kulia kwamba yeye hajawekewa. Si kwamba hakujijua. Alikuwa anahesabu wale anaowaona. Nikawaza huenda na hawa watu wazima wangu wako hivyo. Lakini sikutaka kuwahukumu nikiwa nimekaa kwangu, kwa hiyo jioni ile nikaibeba kanzu ikiwa na nyuzi za kujaribia, nikaenda nyumbani kwa padri.

Akaivaa sebuleni. Nikapiga magoti kutengeneza upindo.

"Baba Padri, jana kwenye hesabu ulijisahau."

Nilidhani atacheka kama mchungaji. Hakucheka. "Sikujisahau, mama. Nilijiacha makusudi. Nikijiweka kwenye orodha ile, nimekubali kwamba sisi ni mmoja kati ya wengi, na sivyo tunavyoamini. Siwezi kukuambia nisichoamini kwa sababu tu umepiga magoti na pini."

Nikampenda kwa jibu lile. Mtu asiyekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hata usipokubaliana naye, unajua umesimama wapi. Lakini sikujua bado mimi mwenyewe nimesimama wapi.

"Sawa," nikasema. "Basi kama ninyi si chumba, ni nyumba nzima, mimi niko wapi? Uani na kuku?"

Hapo ndipo akacheka, pini ikamchoma kifundo cha mguu. "Aii! Mama, ulibatizwa kwa maji?"

"Maji tele. Nilipiga kelele kanisa zima, mama yangu ndivyo alivyonisimulia."

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu?"

"Ndivyo."

"Basi hata ungeniomba leo nikubatize, nisingeweza. Umeshabatizwa. Umoja wetu haujakamilika, sitakudanganya, kuna mambo yanatutenga. Lakini nje hauko."

"Hata nikiwa nimelala?"

Akanielewa. Yeye ndiye aliyemzika Mzee Saa. "Fomu ile sikuitengeneza mimi, mama," akasema polepole. "Kwa upande wangu hakuna atakayekuzuia."

Ijumaa nilifika ofisini kabla karani hajafungua dirisha. Akaniwekea kiti.

"Bibi, umepata jibu?"

"Nimepata mawili."

"Yanapatana?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi. "Sasa nitaandika lipi?"

"Subiri, mwanangu. Mchungaji wangu anasema Ukatoliki ni dhehebu mojawapo la Wakristo. Kama ndivyo, hiyo njano yako iko ndani ya kijani, na mimi Mkristo nalala popote penye Wakristo. Padri anasema Ukatoliki si dhehebu, ni Kanisa lenyewe, na kila aliyebatizwa hayuko nje yake. Kama ndivyo, mimi siko nje ya njano. Mmoja wao amekosea, au wote, mimi sijui, na nimeuliza mpaka nikachoka. Lakini shika la huyu au shika la yule, kote naangukia pale pale, kando ya mume wangu."

Karani akatazama ramani, akatazama fomu, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja, akakihamishia kingine, midomo yake ikitembea kama mtu anayekariri. Nilimwacha. Nimelea watoto sita, kusubiri hakunipi taabu.

"Rudia hiyo ya pili," akasema.

Nikarudia.

"Na ya kwanza."

Nikarudia.

"Ni kweli," akasema. "Kote. Mkubwa wangu akibisha namwambia achague yeye kati ya padri na mchungaji." Akatia alama kisanduku cha Mkristo, kisha cha Mkatoliki, mbele yake akaandika jina langu lote kwa herufi kubwa. Kwenye ramani, kulia kwa mume wangu, akaweka nukta ya kijani. Ilikaa pale peke yake katikati ya njano yote, nikaona aibu kidogo kama mgeni aliyekaa mbele.

"Bibi," akaniuliza nilipokuwa nasimama, "na wewe mwenyewe unaonaje? Ni dhehebu au si dhehebu?"

"Ningelijua hilo ningekuwa nimekwambia Jumanne."

Jumapili baada ya ibada mchungaji alinivuta pembeni ya mlango. Mji mdogo, maneno yana miguu. "Nasikia umejiandikisha kwa Wakatoliki."

"Nimejiandikisha kwa mume wangu."

Akakuna kidevu. "Sawa, sikulaumu. Ila kuna kitu kinanisumbua. Siku hiyo, Mungu aisogeze mbali, atakuzika nani? Mimi au padri?"

Kusema kweli hilo sikuwa nimelifikiria. Mara niliwaona wote wawili wamesimama juu yangu, kila mmoja na kitabu chake, wakiambiana tafadhali tangulia wewe.

"Hilo mtalizungumza ninyi wawili," nikamwambia. "Msikimbizane. Mimi nitakuwepo hapo, siendi popote."

Akacheka, kisha uso ukabadilika, akawa kama anatafuta kitu alichokiweka mahali. "Unajua, mama, miaka tisa niko hapa. Tunasalimiana naye barabarani, tunapungiana mikono. Lakini kukaa naye nikamuuliza kitu, bado."

"Jumatano saa nne anakuja kwangu kupima kanzu ya pili," nikasema. "Atakuwa amesimama mikono juu. Njoo umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Mwanzie kwenye hesabu," nikasema, nikaenda zangu kubandika chai.