Korido Iliyofika Masama

Nesi Margareta alifunga dripu ya uchungu kwenye mkono wa kushoto wa Yuditha, akaugonga mpira kwa ukucha, akangoja tone la kwanza lidondoke, kisha akamwambia avae kandambili zake atembee.

"Uchungu ukija, simama, ushike kitu, upumue. Ukipita, tembea. Usilale."

Wodi ya wazazi ya hospitali ile ya mjini Moshi ilikuwa na korido moja tu, iliyoanzia kwenye meza ya manesi na kuishia kwenye dirisha la kutazama jikoni. Ilikuwa imebaki wiki moja kufika Krismasi. Aliyesukuma stendi ya dripu alikuwa Eunike, mama mkwe wa Yuditha, aliyeteremka naye kutoka Masama kwa gari la maziwa. Gurudumu moja la stendi lililia kila lilipozunguka. Kwapani Eunike alibana chupa ya chai.

Yeye ndiye aliyemfikisha mkwewe kwa daktari siku iliyotangulia. Daktari alipouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, Yuditha aliinamisha kichwa, kwani hilo si neno la kutamka mbele ya mama mkwe. Eunike akamjibia. Katika kujibu aliongeza karibu mwezi mzima, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kanisani.

"Basi amepitiliza," daktari alisema. "Tumwanzishie uchungu."

Sababu ilikuwa Mzee Ndelilio, mume wa Eunike. Mzee alikuwa amekohoa mbele ya watu na kusema Krismasi hii ndiyo yake ya mwisho, laiti angemshika wajina wake kabla hajafumba macho. Maneno hayo mzee huyasema kila mwaka mvua za vuli zikikaribia kuisha, na ndiyo maana wanawe hawajawahi kukosa kupanda mlimani kwa sikukuu. Eunike alikuwa amelala chumba kimoja naye tangu ujana. Alikijua kikohozi kile kama alivyojua mlio wa ng'ombe wake zizini. Mwaka huu aliamua kukiamini.

Safari ya kwanza walifika dirishani wakageuza. Ya pili walichelewa kidogo kufika. Ya tatu dirisha halikuwepo, korido ikaendelea.

Margareta alikuwa anapita na trei ya mikasi. Alisimama akaitazama korido, akaweka kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mtoto tumboni kwa Yuditha, akasikiliza.

"Leo imerefuka," alisema. "Mtoto huyu hajamaliza siku zake."

"Sasa tufanyeje, sista?" Yuditha aliuliza.

"Utembee. Zilizobaki atazimaliza kwa miguu yako. Asipozimaliza atatoka hana pumzi. Juzi binti mmoja wa Pasua alikwenda mpaka Himo, akarudi na maembe." Akamgeukia Eunike. "Nani alitaja miezi?"

Eunike alikuwa anamimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika kwenye kifuniko, ikamwagikia vidole.

Wakaendelea. Sakafu ya saruji iliisha, ukaanza udongo mwekundu wa barabara ya Masama, na gurudumu likapunguza kulia kwa sababu ya vumbi. Uchungu ulipokuja Yuditha alikumbatia mgomba uliokuwa karibu, akazungusha kiuno polepole, akatoa sauti ya chini kama ya ng'ombe aliyelala. Eunike alimkandamiza mgongo kwa ngumi mbili, pale juu ya makalio, kama mama yake mwenyewe alivyomfanyia yeye. Ulipopita wakatembea.

Walipita Krismasi. Milango ilikuwa imepambwa kwa matawi mabichi ya mti wa msanduku, watoto wamevaa mitumba mipya, na kila kihamba, shamba la nyumbani, kilinuka nyama. Mbele zaidi matawi yaleyale yalikuwa yamekauka na watu wa Dar wameondoka. Kahawa chache zilizoachwa bila kung'olewa zilikuwa zimetoa maua meupe.

Kwenye mfongo, mfereji wa maji wa kijiji, stendi ilikwama. Jirani yao Eliaichi alikuwa ndani ya maji na jembe, anatoa matope.

"Habari za hospitali, Mama Shedrack?" alimuuliza Eunike.

"Nzuri. Tunatembea."

"Bado?"

"Bado."

"Mmewahi sana. Huku ni Januari."

"Tunaona," alisema Eunike.

"Pole, dada. Ingia humu usimame, maji haya yanapoza." Yuditha akaingia hadi vifundoni, akaushika mpini wa jembe la Eliaichi, na uchungu wa safari hiyo ukapita vizuri kuliko mwingine wote. Eliaichi akainua stendi akaivusha ng'ambo. "Mkirudi, mwambieni Eliaichi wa Desemba asipande nyanya. Zimeniozea zote."

Wakamwahidi.

Sasa uchungu ulikuja kwa kufuatana, kama watu wanaotoka kanisani. Yuditha alihesabu migomba kwa macho na kuchagua mapema ule ambao angeushika. Hivyo ndivyo walivyofika nyumbani, kwenye ua wa masale, na kumkuta Mzee Ndelilio juu ya ngazi. Alikuwa anapigilia bati kwenye banda la mbuzi, misumari mdomoni, na shati la Krismasi limeshachafuka kwenye kola. Hakukohoa. Alitoa misumari.

"Karibuni! Mbona mmekuja na mabomba?"

"Shikamoo, baba. Tunapita tu," alisema Yuditha.

"Marahaba. Hajaja bado mwenyewe?"

"Bado."

"Mwambie asiwe na haraka. Mimi nipo." Akairudisha misumari mdomoni, akaendelea kugonga.

Yuditha alisimama.

"Mama," alisema, "baba yupo juu ya ngazi."

"Namwona."

"Hakohoi."

"Hakohoi, mwanangu."

Yuditha alimtazama Eunike usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Alifungua mdomo. Lakini uchungu mkubwa kuliko wote ukamfikia hapo hapo, mahali pasipo na mgomba wala mkahawa, na masale ni majani tu, hayabebi mtu. Shingo iliyokuwepo ni moja. Akajitundika kwenye shingo hiyo kwa mikono yote miwili, uzito wake wote, akaunguruma ndani ya sikio la mama mkwe wake. Eunike alisimama imara akambeba. Mkono mmoja ulimsugua mgongo. Mwingine, nyuma ya Yuditha, ulichuma jani la isale na kulipiga fundo.

Kila mtu wa mlimani anajua maana ya isale lenye fundo. Ni kuomba msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama kosa ni la damu. Eunike alilishika jani lile. Alifikiri kwamba binti huyu ameshaharakishwa mara moja, na kumpa jani sasa ni kumharakisha mara ya pili. Pengine ndivyo alivyofikiri kweli. Pengine aliogopa tu. Uchungu ulipoachia, jani lilikuwa kwenye pindo la khanga yake, limefungwa.

"Nasikia kusukuma," alisema Yuditha.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama njia ya kurudi ilivyo siku zote. Waligeuka tu, na kitanda cha kujifungulia kilikuwa mbele yao.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa mdogo, na alilia kabla hajaguswa. Margareta alimwosha vumbi jekundu katikati ya vidole vya miguu, akampima.

"Mwembamba, lakini amemaliza," alisema. Kisha akapaka dawa ya zambarau kwenye nyayo za Yuditha. Zilikuwa zimelika hadi nyama. Kandambili zake zilibaki nyembamba kama ganda la ndizi, akazitupa.

Krismasi ilipofika Mzee Ndelilio alimshika wajina wake mbele ya ukoo wote, akatokwa na machozi. "Mke wangu ana akili," aliwaambia. "Angengoja, ningekufa na kiu." Watu wakamsifu Eunike. Yuditha alikaa karibu na jiko, soksi nzito miguuni, akanywa mtori aliopikiwa na Eunike mwenyewe, mafuta mengi, asubuhi na jioni. Alishukuru kila bakuli. Eunike kila alipoinama kupokea bakuli alihisi fundo la jani kwenye pindo la khanga, na kila mara alijiambia kesho.

Walimpa Eliaichi salamu zake. Alicheka, akapanda nyanya.

Januari ilikuja kama walivyoiacha. Kahawa ilitoa maua, mzee alipanda ngazi. Kwenye mgomba mmoja kando ya barabara kulikuwa na alama za kucha za mtu, za zamani kidogo. Eunike alifua khanga ile mara nyingi, akaifunga upya kila mara. Jani halikunyauka.

Mwaka uliofuata, vuli ilipokuwa inaishia, mzee alikohoa. Alisema Krismasi hii ndiyo ya mwisho. Hellen, mke wa mwanawe wa pili, alikuwa ameshafika kutoka Dar na tumbo lake la kutimia mwishoni mwa Januari.

Wanawake walikuwa jikoni wanamenya ndizi.

"Mama Shedrack ndiye fundi," mmoja alisema. "Si umteremshe na huyu hospitali, baba amwone mjukuu?"

Wote wakamgeukia Eunike. Vidole vyake vilikuwa kwenye pindo la khanga. Alifungua kinywa.

"Ndizi hizi hazitatosha," alisema. Akachukua nyingine, akamenya.

Yuditha aliinuka, akaingia ndani, na akarudi na raba zake, zile ngumu za soli nene alizonunua miguu ilipopona. Akaziweka mbele ya miguu ya Hellen.

"Utavaa hizi," alisema. "Korido ni ndefu."

Hellen alizijaribu. Zilimtosha. Akashukuru.