Pua ya Karavani

Asubuhi mizani ya bafuni ilisema kilo themanini. Alasiri ikasema thelathini na tano. Griffins akaipiga kofi, akairudisha chini ya pua ya karavani, pale inapofungwa kwenye gari, akashusha jeki polepole. Thelathini na tano.

Alichuchumaa uani kwa bosi wake, mjini Riyadh. Kesho ilikuwa safari ya Jeddah, karibu kilomita elfu moja, na garini angekaa Bi Mwanamize, mama yake bosi, aendaye arusi ya mjukuu kule mtaa wa Al-Nuzha. Na ni Griffins mwenyewe aliyejitapa kwamba trela amezivuta tangu Kenya. Hajawahi kuvuta trela hata hatua moja.

Kule Al-Sulay, Amir muuza vipuri alikuwa amemwekea viunganishi vitatu vya trela mezani. Kila kimoja kilikuwa na vyuma vya springi vya kugawa uzito hadi magurudumu ya mbele ya gari, na mkono wa kuzuia trela isiyumbe. Griffins akataka kinene kuliko vyote. Amir akakataa.

"Kikizidi kitawarusharusha. Kapime pua kwanza, karavani ikiwa imepakiwa."

Sasa akampigia simu. "Thelathini na tano."

"Ikiwa tupu?"

"Imejaa. Tupu ilikuwa themanini."

"Hapo mafi, hakuna kitu. Sina chuma cha kukuokoa. Pua nyepesi hivyo itakuyumbisha mpaka ikuangushe."

Griffins akabaki ameshika simu. Vitu vimeongezeka, uzito umepungua. Hesabu ya wapi hii?

Mlango wa nyuma wa karavani ukafunguka. "Kijana, nipandishie hicho kinu," akasema Bi Mwanamize. "Kikae hapahapa nyuma, nikifika nikitoe mwanzo."

Griffins akakibeba, akapanda nacho. Magunia ya mchele, madumu ya maji, masanduku, vyote vilisongamana nyuma ya magurudumu. Mbele palikuwa na godoro tu. Alipokanyaga kule nyuma, sakafu ikainama na pua ikainuka juu ya mizani.

"We Griffins, yapaa hiyo," akasema Hilal, bosi wake, akitoka ndani. "Si ulinambia wayajua haya?"

Griffins akateremka kwa uangalifu, kinu bado kifuani. "Bosi, nilidanganya. Sijawahi kuvuta trela."

Hilal akapanda, akavuta gunia la kwanza. Wakahamisha kila kitu mbele kidogo ya magurudumu, Bi Mwanamize akinung'unikia kila gunia. Mizani ikasema mia moja na sita.

"Hapo sawa. Chukua cha kati," Amir akasema kwenye simu. "Njoo nikifunge."

Hilal akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Kesho naendesha mwenyewe."

"Wewe Hilal umeshavuta lini?" mama yake akauliza.

Hilal akaugeuzageuza ufunguo kiganjani.

"Basi mwachie huyu. Angalau yeye kaipima."

Ufunguo ukarudi mkononi mwa Griffins. Akauangalia, akaiangalia karavani, kisha akachuchumaa akaipima tena.