Wiki Mbili Kabla ya Sindano

Ting.

Griet aliisikia gizani, saa kumi na mbili asubuhi ya Januari, kiwiko chake kilipogonga bomba la jikoni. Akalifungua bomba, akajaza birika.

Tangu Pasaka watu wazima wa mtaa ule, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi, ukiwagonga walilia kama kengele. Wa karibu na ukuta wa kiwanda walitoa sauti nene, wa mbali nyembamba. Mpiga kengele wa kanisani alipita siku moja, akawagonga wachache, akasikitika kwamba hakuna wawili waliolingana.

Barua ya manispaa ilikuwa mezani. Baada ya wiki mbili watu wazima wote wangepimwa risasi katika damu. Wastani wa mtaa ukizidi hamsini, kiwanda kingenunua nyumba zao na wangehamia ng'ambo ya mto. Griet aliitaka ng'ambo. Kila asubuhi alimgonga goti kwa kijiko bintiye wa miaka minne, Lotje, naye Lotje alitoa sauti ya ngozi tu, kama mtoto yeyote. Griet alitaka wahame kabla haijabadilika.

Kilichotakiwa ni kukaa tu, asifanye lolote. Lakini saa mbili jirani yake Alfonsine, bibi wa miaka sabini, aliingia na ndoo.

"Hujapiga deki bado, mwanangu?"

"Safari hii tuliache vumbi la kiwanda, bibi. Ndilo litakalotuhamisha."

"Thubutu! Nesi ajue kwako kuchafu? Utatuaibisha mtaa mzima."

"Nesi haji hapa. Sisi ndio tunamfuata ukumbini."

"Damu haina siri, wewe. Akiichota tu ataona madirisha hukuyafuta."

Griet alicheka. Kufika adhuhuri alikuwa amepiga deki mara tatu, kwa kitambaa kibichi, hadi chini ya kabati.

Mtaa mzima ulifanya hivyo, kama kabla ya kila kipimo. Vitunguu vya bustanini viliachwa vioze, vikanunuliwa vya dukani. Wenye ndugu pwani walikwenda kupunga upepo. Griet alimpeleka Lotje kwa dada yake huko pwani, Oostende, akajiambia ni kwa ajili ya kikohozi. Walirudi jioni ya kuamkia sindano, mashavu mekundu.

Ukumbini nesi alichota damu, akapanga vichupa kwenye kibao. Viligongana, vikalia taratibu.

"Mmepungua sauti," alisema. "Hongereni."

"Mimi nimesugua mpaka darini!" alisema Alfonsine, akitazama huku na huku kama wamesikia.

Wastani ulitoka arobaini na tisa. Kiwanda kilishukuru kwa barua, kikampa kila mwenye nyumba keki ya mchele na ndoo mpya ya deki. Manispaa iliandika kwamba hali inatia moyo na hakuna haja ya kuhama. Barua iliposomwa ukumbini watu walipiga makofi, na viganja vikalia kama Jumapili asubuhi. Griet naye alipiga. Viganja vyake vilikuwa miongoni mwa vile vyenye sauti nzuri.

Mwezi mmoja baadaye vumbi lilikuwa limerudi kwenye kingo za madirisha, na kiwiko cha Griet kilikuwa kimeshuka hadi sauti yake ya zamani. Alfonsine alikuja kunywa kahawa. Lotje alikuwa mezani na mkate wake wa chokoleti. Siku hiyo hakumngoja mama yake; alichukua kijiko mwenyewe, akajigonga goti.

Ting.

Alfonsine aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Nyembamba, nzuri," alisema. "Ila hii meza, mwanangu, lini uliifuta?"

Griet alinyanyuka, akachukua kitambaa, akakilowesha. Alianza kufuta kuanzia upande wa mtoto. Lotje alijigonga tena, kisha goti la pili, akatabasamu.

"Mama," alisema, "na mimi nina kengele."