Beseni la Rezo

Kila jioni, akishamaliza kubeba watu, Papa Alexis aliisimamisha toleka yake, baiskeli ya kubebea abiria, juu ya stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Aliunga nyuzi za dinamo kwenye simu ya binti yake, akapanda tena kwenye kiti na kuanza kukanyaga. Kutwa nzima alikuwa amekanyaga baiskeli hiyo kati ya stesheni ya treni na kivuko, akibeba akina mama wenye mafungu ya pondu, majani ya mihogo, na wanaume wasio na shukrani. Jioni alikanyaga bila kwenda popote. Alisema hakuona tofauti kubwa.

Upande huu wa mto, Lubunga, umeme ulikuwa habari ya watu wa ng'ambo. Rezo ya simu, yaani mtandao, nayo vilevile. Mnara ulikuwepo, mrefu, mweupe na mwekundu, na wakubwa walikuwa wamevuka na fanfare ya tarumbeta na utepe na mbuzi kuja kuuzindua. Mbuzi alifanya kazi siku ile ile. Mnara haukufanya kazi hata siku moja, kwa maana jenereta yake haikuonja mafuta. Mafuta hayo yalinywewa na nani, Papa Alexis alijua, na alikuwa tayari kumweleza abiria yeyote ambaye hakuwa na njia ya kushuka.

Mke wake, Mama Georgette, alishikwa na homa kali wakati wa mvua. Walimfikisha ukingoni akiwa bado anaongea. Wenye mitumbwi walikuwa wamelala ng'ambo, na namba zao zilikuwa kwenye simu, na simu ilitafuta rezo mpaka mkono ulioishika ukalegea. Siku ya maziko, mbele ya wote waliolala kwenye matanga, Papa Alexis alishika shati lake jeusi kifuani, akauonyesha mnara, akasema: "Hii nguo sitaivua mpaka ile antenne ipige simu."

Wazee waliguna. Nguo ya msiba hufungwa kwa muda wake, kisha huvuliwa na kuchomwa, na aliyekufa anakwenda zake. Mtu haapi juu yake, na hasa haapi kwa kazi ya serikali. Lakini alikuwa amekwisha kusema.

Larissa, binti yao, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi alikaanga mikate ya mafuta kando ya njia. Jioni alitaka kusoma. Aliandikishwa kwenye chuo cha mbali, kile ambacho mwalimu anakaa kwenye simu na mwanafunzi hamuoni ila uso. Alichagua masomo ya utawala wa serikali.

"Utawala?" baba yake alimuuliza. "Unataka kuyuwa kuiba? Ile banafundishaka bure."

"Papa, mi nataka kuyuwa vile banapashwa kufanya."

"Hata bo benyewe habayuwi. Nani atakufundisha?"

Lakini alikanyaga.

Siku ya somo la kwanza Larissa alipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali ambapo rezo ilipita siku nyingine kama ndege aliyepotea. Sauti ya mwalimu ilikuja vipande vipande, kisha ikazama. Alishuka, akakaa karibu na gurudumu linalozunguka.

Ndipo Mama Georgette alipoingia uwanjani. Aliingia kwa ubavu, kama alivyozoea, kwa sababu mlango wa uzio ulikuwa mwembamba na beseni lake lilikuwa pana. Pindo la kitenge lilikuwa limelowa hadi magotini. Ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe.

"Nitue," akasema.

Papa Alexis alishuka, akashika beseni upande mmoja, wakaliweka chini pamoja. Lilikuwa zito kama mihogo iliyolowekwa.

"Umetoka wapi na hii muzigo?"

"Ng'ambo. Nyuma ya ile hoteli ya bakubwa. Rezo iko mingi kule, inamwangika tu."

Akafunua kitambaa. Ndani hapakuonekana kitu, lakini kuku wakainua vichwa, na simu ya Larissa ikalia, ikalia tena, kisha uso wa mwalimu ukatokea mzima, na miwani yake, akieleza kazi ya katibu wa wilaya. Larissa alivuta daftari. Mama Georgette alikaa kwenye kigoda chake cha zamani, akanyoosha miguu.

Jirani, Mama Karima, alichungulia juu ya uzio. "Georgette! Umerudi?"

"Mi napita tu."

"Bon. Ile sufuria yangu bado iko kwenu."

"Iko chini ya kitanda. Larissa atakuletea."

Tangu hapo alikuja kila jioni ya somo. Somo la sauti tupu lilikula rezo kidogo. Somo la picha lilikomba beseni mpaka chini, na ilibidi aliinamishe upande, kama mtu anayetafuta supu ya mwisho. Somo likiisha, Papa Alexis alimtwika beseni tupu, naye akarudi mtoni. Hakula. Hakuuliza habari za ndugu. Siku moja aliteleza kwenye tope, rezo kidogo ikamwagika mbele ya kwa Mama Karima, na simu ya Mama Karima ikapokea salamu zote za Noeli ya mwaka juzi. Alikaa kizingitini akazijibu moja moja.

Watu wakajua. Jioni walikuja kusimama kando ya uzio na simu zao, kwa adabu, wakichukua kile kilichopita juu ya ukingo wa beseni. Papa Alexis hakuwafukuza, aliwaomba tu wapokezane pedali. Hawakuwa wengi waliosikia ombi hilo.

Alichokiona yeye ni shingo ya mke wake. Ilikuwa inaingia mabegani. Kata yake ya kichwani, ule mviringo wa kitambaa wa kukalia mzigo, ilikuwa imelika mpaka ikabaki nyuzi, na beseni lilikaa juu ya mfupa. Wengine waliokufa wakati ule ule walikuwa wamekwenda zao. Yeye alikuwa amefungwa kwenye shati jeusi la mume wake, na shati limefungwa kwenye mnara, na mnara haukufungwa kwenye kitu chochote.

"Unachoka," akamwambia.

"Na weye?"

"Mi niko na miguu tu."

"Basi kanyaga. Mutoto anasoma."

Habari ilivuka mto. Jioni moja mkubwa mmoja alishuka kutoka mtumbwi wa injini, na mtu wa redio nyuma yake, na kijana wa kumbebea kiti. Aliingia uwanjani, akampa Papa Alexis pole ya msiba, kisha akampa Mama Georgette mkono. Mama Georgette hakuinuka. Larissa alikuwa katikati ya somo, anaandika haraka.

Mkubwa aliinua simu yake juu ya beseni, akaitazama, akatabasamu. Akapiga simu redioni pale pale, mbele ya wote. Akasema mnara wa raia wa Lubunga umeanza kazi, ahadi imetimia, wenye midomo sasa wanyamaze. Aliongea kwa kirefu, kwa picha ingawa ilikuwa redio, akigeuza uso ili mwanga umkae vizuri. Mwalimu wa Larissa akaganda na mdomo wazi, kisha akatoweka. Beseni lilikuwa kavu.

"Excellence," Papa Alexis akasema kutoka juu ya baiskeli, "antenne haijafanya kazi. Iko bibi yangu."

"Papa, rezo iko ao haiko?"

"Iko, lakini..."

"Alors? Musikuwe batu ba kulalamika kila siku."

Na kwa kuwa rezo ilikuwepo, akasema, jenereta haina kazi tena hapa. Vijana wake wa mtumbwi waliifungua chini ya mnara, wakaipakia kwenye mtumbwi, wakavuka nayo. Badala yake wakaacha mlinzi, alinde mnara usiibwe.

Kule Yanonge, mto unakoelekea, Tonton Fiston alisikia redio. Huyu ndiye kaka wa Mama Georgette, mtu wa nyavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Aliwakusanya mashangazi wa ukoo wake, wakapakia pombe ya mchikichi, samaki wakavu na shati jeupe jipya, wakapanda mto. Walifika siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza. Mtihani ulikuwa jioni ile, wa picha, na asiyeonekana kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho alihesabiwa ameshindwa.

"Bokilo," Tonton Fiston akasema, akimshika shemeji yake begani, "antenne imepiga simu. Redio imesema. Leo tunavua nguo."

"Redio! Redio ilisema pia tuko na barabara."

"Donc haifanyi?"

"Angalia mwenyewe. Hata jenereta bamebeba."

"Na rezo inatoka wapi?"

Kabla Papa Alexis hajafungua kinywa, Mama Georgette akaingia kwa ubavu.

"Nitue," akasema.

Safari hii ni kaka yake aliyemtua. Aliona utosi wa dada yake, mahali nywele zilipoisha. Aliona shingo. Alilishusha beseni polepole, kisha akamgeukia shemeji yake, na sauti yake ya ng'ambo ya maji ilikuwa chini kabisa.

"Huyu alibeba akiwa muzima. Sasa amekufa, anabeba. Kazi ya mwanamuke kwenu inaishaka wapi, Alexis? Tuambie, na siye tuyuwe."

"Mi ndiye niliyemutuma?"

"Ni nguo yako inamushika. Vua, tuichome, aende alale. Mutoto atasoma siku bakubwa batakapotaka."

"Basi hatasoma."

"Basi hatasoma! Wa ngapi banasoma?"

Mashangazi walikuwa wamekwisha kuwasha moto karibu na kichuguu. Larissa alisimama. Alimtazama mama yake, akazima simu, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli.

"Mama alale," akasema. "Mi nitaendelea na mikate."

Moto ulilia. Papa Alexis aliangalia mikono yake. Alikuwa amewalaumu wakubwa tangu ujana, na bado hakuona kosa hata moja katika lawama hiyo. Lakini kati ya wakubwa hao hakuna aliyekuwepo uwanjani pale kuchagua. Waliokuwepo ni yeye, na shati.

Akaanza kufungua vifungo.

"Washa simu," Mama Georgette akasema.

"Mama..."

"Washa. Imebaki miaka mingapi?"

"Mbili."

Mama Georgette aligeuka akautazama mnara juu ya paa za majani. Popo walikuwa wanatoka humo, mmoja mmoja. Aliutazama kama mtu anavyotazama mvua ambayo haitakuja.

"Kata yangu imeisha," akasema.

Papa Alexis alivua shati. Shangazi mkubwa alinyoosha mikono alipokee, alipeleke motoni, lakini yeye alilipasua kwa meno, mgongo mbali, mikono mbali. Akakaa chini, akasokota kipande kwa kipande, akazungusha, akabana, akaingiza ncha ndani kama alivyomwona mke wake akifanya asubuhi zote za ndoa yao. Vidole vyake vilikuwa vya usukani, kata ikatoka nene upande mmoja. Akaibonyeza kwa goti. Kisha akavaa shati jeupe la mashemeji, kwa kuwa lilikuwa limeletwa.

Mashangazi walijadiliana. Nguo ilikuwa imevuliwa, hilo walilikubali. Haikuchomwa, hilo pia waliliona. Hakuna aliyekumbuka desturi inasema nini juu ya nguo ya msiba iliyogeuzwa kata. Mwishowe shangazi mkubwa akasema samaki wanaungua, na pombe ikamiminwa, na Tonton Fiston akamwaga ya kwanza chini, mbele ya miguu ya dada yake iliyolowa. Larissa alipochukua simu kitini na kuiwasha, Tonton Fiston, bila kuambiwa, akapanda juu ya toleka na kukanyaga. Alikanyaga vibaya, kama mtu anayepigana na samaki.

"Polepole, Tonton, simu itaungua," Larissa akasema. Lilikuwa neno lake la mwisho kabla mtihani haujaanza.

Swali la kwanza aliuliza mwalimu kwa sauti, na wote waliokuwa kando ya uzio wakalisikia: eleza wajibu wa utawala kwa raia wake.

"Andika 'hakuna'," Papa Alexis akamnong'oneza, "tumalize mapema."

"Papa, nyamaza, bananiona."

Aliandika mpaka giza likaingia, na Mama Karima akamshikia taa. Watu wa kando ya uzio walizima simu zao wenyewe jioni ile, ili wasipunguze. Beseni lilifika chini. Mama Georgette akaliinamisha, akaliinamisha tena. Majibu yakaenda.

"Umefaulu?" Tonton Fiston akauliza, jasho likimdondoka kidevuni.

"Imefika, Tonton. Kwanza imefika."

Papa Alexis alimwekea mke wake kata kichwani, upande mnene nyuma, akamtwika beseni.

"Inakaa?"

"Inakaa."

Alitoka kwa ubavu. Njia ya mtoni ilipita chini ya mnara, pale penye sakafu ya saruji ambako jenereta ilikuwa imesimama. Mlinzi aliyeachwa kulinda alikuwa ameketi hapo, simu mkononi, akingoja matone.

"Bonsoir, mama," akasema, akisogeza miguu apite. "Kazi?"

"Ndiyo kazi."

"Mutarudi lini?"

"Banafungua masomo tena baada ya mavuno," Mama Georgette akasema, na akateremka kwenye maji.