Yakuti Haiogopi Moto

Mtaani walimwita Jicho, na sonara huyu alijivunia jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Miaka thelathini, mtu akileta jiwe la bluu, yeye hakuhangaika na vipimo. Alivua pete ya marehemu mama yake kidoleni, akaweka jiwe la mteja kando ya lile la mama, akayageuza dirishani. Yakifanana, ni yakuti. Yasipofanana, pole sana.

Asubuhi hiyo mwalimu mmoja alirudisha pete aliyouziwa hapo hapo. Fundi mwingine, mwenye mashine, alikuwa amemwambia hiyo si yakuti. Ni jiwe laini, zuri kwa macho tu, likipata moto hupasuka. Jicho akacheka. Akazilaza pete mbili juu ya kitambaa cheupe. Mawe yalikuwa pacha. Ukiyageuza, yote yaliingia zambarau kidogo, na zambarau hiyo, akamweleza mwalimu, ndiyo alama ya yakuti halisi.

Mke wa Jicho, aliyekuwa akisugua mikufu, akauliza taratibu ni nani aliyesema la mama ni yakuti.

Ni Jicho mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini. Mama alilia kwa furaha, akamvisha ile pete. Angenyamaza hapo yangeisha, lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

"Yakuti haiogopi moto, Mwalimu. Tazama."

Akaishika pete ya mama kwa kibano, akawasha gesi. Ukasikika mlio mdogo, kama wa chumvi iliyoangukia makaa. Ufa ukapita katikati ya jiwe.

Akazima moto. Mwalimu akachukua pete yake, akatoka bila kudai chochote, na hilo lilimuuma Jicho kuliko matusi. Aliwaona maharusi wote aliowaapia kwa jiwe hili. Halafu akawakumbuka wale wengine, waliokuja na yakuti zao halisi, akawarudisha na pole yake. Hakujua ni wangapi, na hakuwa tena na la kulinganishia.

Mkewe alifuta mikono. Akavua pete yake ya bluu, aliyovishwa na mumewe siku ya ndoa, akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

"Hii usiichome," akasema. "Wala usiniambie ni nini."