Nafasi ya Vidole Viwili

Mwili wa binti ulikuwa umeshaoshwa na kuvalishwa gauni. Kilichobaki ni utepe wa shingoni. Tangu apasuliwe koo, hakutoka chumbani bila utepe. Hakutaka mtu alione lile kovu, na sasa watu walikuwa wanakuja kumuaga.

"Mvalishe wa satini, dada, unang'aa," mdogo wake mama alisema.

"Satini inateleza. Aliuvaa mara moja, akasema anafanana na zawadi ya harusi."

Wakacheka kidogo.

Mama akachagua ule mweusi wa mahameli, akaupangusa kwa brashi laini kama binti alivyozoea. Akamfunga, kisha akapitisha vidole viwili kati ya utepe na ngozi, kama siku zote, ili mwanawe aweze kumeza.

Utepe ukashuka, kovu likaonekana.

"Ukaze, dada."

"Nitamkaba, jamani."

Mdogo wake akageuza uso. Nje viti vilikuwa vinapangwa. Mama akavichomoa vidole, akaukaza utepe mpaka ukalifunika kovu lote, kisha akavifumbata vidole vile vilivyopoa.