Mabenchi Yasiyopakwa Vanishi

Tangu mkewe azikwe, mzee fundi seremala hakushika tena randa. Alijilalia tu amegeukia ukuta, chai ikipoa pembeni mpaka inafanya utando. Bintiye, daktari wa mifugo, alihangaika naye miezi saba mizima. Siku moja akamtupia neno tu: "Baba, kliniki yangu haina pa kukalia watu. Nitengenezee mabenchi basi."

Weee! Mzee akaamka. Akaja penseli sikioni, futi mkononi, akapima chumba cha mapokezi kuanzia mlangoni hadi dirishani, akigombana na kila aliyemkatiza. Paka wakae huku, mbwa kule, wasionane. Meza ya mapokezi iwe na rafu chini, mtu apate pa kutua kikapu cha paka wake akiwa anaandikishwa. Nani kamfundisha? Hakuna. Alikaa pale asubuhi tatu akitazama.

Mabenchi yalipofika, daktari alipapasa mbao. Zilikuwa tupu, hazijapakwa kitu.

"Na vanishi, baba?"

"Vanishi inanuka, mama. Mnyama mgonjwa pua yake kali, utamwongezea mateso bure." Akacheka. Alicheka, jamani, mzee yule!

Sasa wewe ungesema nini? Daktari alijua fika kwamba mbao tupu hunywa mkojo na kila uchafu, na dawa ya kuulia vijidudu haifiki ndani. Akafyata ulimi. Akajiambia atapaka mwenyewe Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine, maana mzee alikuwa anashinda palepale akiwaonyesha wateja viungo visivyo na msumari hata mmoja.

Kisha akaletwa mbwa anayehara damu, akachafua benchi la dirishani. Walisugua, wakamwaga dawa, wakasugua tena. Haikusaidia. Wiki iliyofuata, watoto wa mbwa wanne waliokuja wazima, kuchanjwa tu, na kuwekwa juu ya benchi lile, walirudishwa wakihara damu. Hakupona hata mmoja.

Ilibidi mabenchi yachomwe, kwa hiyo daktari akamweleza babake ukweli wote. Mzee hakubisha. Alishika upande mmoja, bintiye upande wa pili, wakayabeba moja moja hadi shimo la taka nyuma ya jengo. Yalishika moto upesi.

"Ulijua siku ileile nilipoyaleta?"

"Nilijua, baba."

"Ukaninyamazia."

"Ulikuwa umecheka. Niliogopa nikikukosoa utarudi kitandani." Machozi yakamtoka.

Mzee alisukuma motoni ubao uliochomoza.

"Vanishi ni kazi ya nusu siku, mama," alisema. "Ungeniambia tu. Ningepaka huku naimba."